Pua ni ya nani? Namna ya kuandika harufu katika hadithi

Kazi yangu ni kuhariri hadithi fupi na riwaya, na kuna ugonjwa mmoja ninaokutana nao karibu kila siku. Mwandishi anamwingiza mhusika chumbani. Anatuonyesha kitanda, pazia, taa na kiti kilichovunjika mguu, anatusikilizisha saa ya ukutani, halafu katikati ya aya anakumbuka kwamba milango ya fahamu ni mitano. Basi anabandika: "Chumba kilikuwa na harufu nzuri." Hadithi inaendelea kama vile hakuna kilichosemwa, na kwa kweli hakuna kilichosemwa.

Tatizo si kwamba harufu ni moja tu, wala kwamba sentensi ni fupi. Hatujui pua ni ya nani. Nzuri kwa nani? Anayenusa anataka nini humo chumbani? Akishanusa anafanya nini? Msimamo wangu, na maelekezo yote yanayofuata yanautegemea, ni kwamba harufu hadithini haipo kwa ajili ya kueleza mahali. Ipo kwa ajili ya kumfichua anayenusa. Ukimjua huyo, sentensi huja bila kusukumwa. Usipomjua, hata ukiazima maneno ya washairi wote utapata pambo tu.

Anza na mwili, jina la harufu lije baadaye

Inafaa mwandishi ajue kidogo jinsi pua inavyofanya kazi, kwa sababu mpangilio wa sentensi unaweza kuufuata mwili. Taarifa za macho na masikio hupitia kwanza kituo cha katikati ya ubongo kiitwacho thalamasi kabla ya kufika kwenye gamba la ubongo. Harufu ina njia ya mkato. Kutoka puani inafika kwenye balbu ya kunusia, na kutoka hapo inaingia bila kuzunguka kwenye amigdala, inayohusika na hisia kama hofu, na kwenye maeneo yaliyoungana na hipokampasi, inayohusika na kumbukumbu. Linda Buck na Richard Axel ndio waliotambua mwaka 1991 jeni zinazotengeneza vipokezi vya harufu, kazi iliyowapa Tuzo ya Nobel mwaka 2004. Binadamu ana aina zipatazo 400 za vipokezi hivyo, na kila harufu huamsha mseto wake.

Kwa mwandishi, maana yake ni kwamba hisia huwahi kufika kuliko jina. Mtu hushtuka, hulegea au husisimka kwanza, kisha ndipo anajiuliza: hii ni harufu ya nini? Waandishi wengi wanapanga kinyume:

"Alisikia harufu ya dawa ya kuulia vijidudu. Ikamkumbusha hospitali alikolazwa mama yake. Akahuzunika."

Jina, kumbukumbu, hisia. Ni mpangilio wa ripoti ya polisi. Sasa ugeuze:

"Alisimama mlangoni. Tumbo lilimkaza kabla hajajua sababu, akageuka nyuma kana kwamba kuna aliyemwita. Ukumbini mfanyakazi alikuwa anapiga deki, ndoo ya bluu pembeni yake. 'Pita tu, dada, sakafu inakauka.' Hakupita. Alizunguka jengo zima akaingilia mlango wa nyuma."

Neno harufu halimo. Hospitali haimo. Mama hayumo. Lakini kama kurasa kumi zilizotangulia zilikuwa na wodi na ndoo kama ile, msomaji atafika mwenyewe, tena atafika akiwa amekazwa tumbo. Kumbukumbu zinazoamshwa na harufu mara nyingi ni za zamani zaidi, za utotoni, kuliko zile zinazoamshwa na maneno au picha. Kwa hiyo ukitaka kurudi nyuma katika maisha ya mhusika, pua ni mlango unaoaminika. Ila usiutumie kufungulia kurasa nne za historia. Ukiona harufu ya sabuni inafuatwa na "alikumbuka siku ile, miaka ishirini iliyopita, alipokuwa", jua umeitumia kama swichi. Harufu ilete kipande kimoja: mkono, sakafu, sauti kutoka chumba cha pili. Mengine msomaji atayadai baadaye.

Pua huchoka

Mtu akikaa ndani ya harufu kwa dakika kadhaa, huacha kuisikia. Ndiyo maana hakuna anayejua nyumba yake inanukaje. Nyani haoni kundule, na pua yake nayo haimwambii. Lakini kila wiki nasoma hadithi ambamo fundi wa viatu anafika kwenye kibanda chake, mahali alipokaa miaka kumi na tano, na mwandishi anatuambia kwamba "alilakiwa na harufu kali ya gundi na ngozi." Hapana. Aliyelakiwa ni mteja. Fundi mwenyewe angeisikia harufu ya gundi siku moja tu: siku anayorudi kutoka msibani au gerezani. Na siku hiyo, kwa kuisikia tu, tungejua kwamba ameanza kuwa mgeni wa maisha yake.

Kwa hiyo kila unapoandika harufu, uliza: huyu ana haki ya kuisikia? Mgeni anayo, na anayerudi anayo. Mwenyeji hana, isipokuwa kitu kimebadilika. Mwenyeji husikia mabadiliko. Mama hasikii harufu ya chumba cha mwanawe, ila atasikia moshi wa sigara ulioingia humo jana. Na hiyo tayari ni hadithi.

Mfano mmoja, kwa karibu

Tuchukue tukio na tulifanyie kazi. Mke anarudi nyumbani baada ya safari ya wiki mbili, na mumewe anaficha jambo. Rasimu ya kwanza, ya aina ninayoletewa mara nyingi:

"Alifungua mlango. Sebule ilikuwa na harufu ya rangi mpya. Mumewe alimkaribisha kwa furaha, lakini moyo wake ukaingiwa na mashaka."

Mwandishi akiambiwa "tia harufu zaidi", analeta hii:

"Alipofungua mlango, harufu kali ya rangi mpya ikamvamia, ikichanganyika na harufu ya sabuni, ya maua yaliyonyauka, ya vumbi la safari, na chini yake, kama sumu, harufu ya usiri."

Hapa kuna harufu tano na pua hakuna. Msomaji hawezi kunusa vitu vitano kwa mpigo, na hata mwenye pua hai hawezi kuvitenganisha vyote. Halafu kuna hiyo harufu ya usiri. Usiri haunuki. Mwandishi ameshindwa kuonyesha mashaka, akayapa harufu ili yaonekane yapo. Rasimu ya tatu:

"Alitua sanduku. 'Umepaka rangi.'

'Nilitaka ukirudi ukute nyumba inanukia upya.'

'Inanuka rangi,' alisema, akaanza kuzunguka sebule, akivuta pumzi fupi fupi. Dirishani, hakuna kitu. Karibu na kabati, hakuna kitu. Alipofika kwenye ukuta wa mlango wa ua, macho yakaanza kumwasha.

'Ulipaka lini?'

'Siku ileile uliyoondoka.'

Aliweka kiganja ukutani, akakiondoa, akakitazama. Hakusema kitu. Usiku alisikia mumewe anaamka na kufungua madirisha yote, na mvua ilikuwa inanyesha."

Tazama kazi inayofanywa. Harufu ni moja tu. Inamwongoza mke kwenye ukuta mmoja, kwa hiyo inamtembeza, na akitembea tunamwona ni mtu wa aina gani: hapigi kelele, anapima. Inampa saa, kwa sababu harufu ya rangi ni viyeyusho vinavyovukia hewani, na kadiri siku zinavyopita ndivyo vinavyopungua. Ukuta unaochoma macho leo haukupakwa wiki mbili zilizopita, na uongo umejulikana bila mtu kuutaja. Mwishoni mume anaamka usiku kuifukuza harufu, akidhani inamsaliti, na kwa kuifukuza anajisaliti zaidi. Nyuma ya ukuta kuna nini, sijui, na kwa sasa haidhuru.

Tena wawili hao wanatumia vitenzi tofauti kwa ukuta uleule. Mume anasema inanukia, mke anasema inanuka. Lugha yetu inatulazimisha kuchagua upande kila tunapofungua mdomo kuhusu harufu, na waandishi wengi huchagua bila kufikiri. Fikiri. Ukiandika "shati lake lilinukia jasho" umeshatuambia kwamba msimulizi anampenda, huhitaji kuongeza neno. Ukitaka kubaki katikati, sema "harufu ya jasho" na umwache mhusika aamue kwa matendo: anasogea au anarudi nyuma?

Jambo jingine katika rasimu ile ni pumzi fupi fupi. Ndivyo mtu anavyonusa anapotafuta kitu, hapigi pumzi moja ndefu. Kunusa ni tendo, lina mwendo wake. Mtu hupanua pua, hufumba macho, huinua kola na kuinamisha uso, huziba mdomo, hutema mate. Matendo hayo yanaweza kubeba harufu bila kuitaja, na kwenye ukurasa yanasonga kuliko kivumishi chochote.

Hewa ina tabia zake

Harufu husafiri kwa hewa, kwa hiyo inatii upepo, joto na unyevu. Joto huongeza uvukizi, ndiyo maana jalala hunuka zaidi mchana wa jua kali kuliko alfajiri yenye baridi. Mwandishi anayetaka maiti igunduliwe kwa harufu lazima ajue hali ya hewa ya kisa chake, na upepo unavuma kutoka wapi. Umeme huonekana papo hapo, ngurumo hufuata, na harufu ya mvua inaweza kutangulia matone yenyewe ikiwa upepo unatoka kule inakonyesha. Hapo unapata kitu ambacho macho hayakupi: taarifa ya jambo lisilofika bado.

Harufu ya udongo uliolowa ina sehemu yake ya kisayansi inayonifurahisha. Mwaka 1964 watafiti wawili wa Australia, Isabel Joy Bear na Richard Thomas, waliipa jina harufu hiyo ya mvua inapopiga ardhi kavu: petrikori. Sehemu kubwa ya harufu ya udongo inatokana na kemikali iitwayo jeosmini, inayotengenezwa na bakteria wa ardhini, na pua ya binadamu inaweza kuinasa hata ikiwa ni sehemu chache tu kwa trilioni. Kwa hiyo mhusika wako anayesema "mvua inakuja" kabla ya wengine hana uchawi wowote. Ila nikuombe kitu: harufu ya mvua ya kwanza imeandikwa mno. Ikiwa unaitaka, mpe mtu asiyeifurahia. Mwenye nyumba inayovuja. Mfungwa anayejua kwamba kesho watapelekwa kulima.

Na harufu hubaki. Mtu ameondoka, sauti yake imekwisha, lakini lifti bado ina marashi yake. Kwa tukio la wivu, la upelelezi au la msiba, hiki ndicho kipawa kikubwa cha harufu: inathibitisha kuwapo kwa mtu asiyekuwapo. Hapohapo kuna shimo waandishi wengi walilotumbukia, yaani shati la marehemu. Mjane anafungua kabati, anachukua shati, analinusa, analia. Nimelisoma shati hilo mara nyingi hadi nadhani ni lilelile. Halikatazwi. Lipindue tu: mjane ameficha shati kwenye mfuko wa plastiki ili harufu isiishe, na shemeji, kwa nia njema, amelifua.

Harufu inapotoa hukumu

Kusema mtu ananuka ni kumshusha. Katika kitabu alichotoa mwaka 1937 kuhusu maisha ya wachimba makaa ya mawe na watu wasio na kazi kaskazini mwa Uingereza, George Orwell aliandika kwamba siri ya utengano wa matabaka inaweza kufupishwa kwa maneno manne waliyofundishwa watoto wa tabaka lake: kwamba watu wa chini wananuka. Alieleza pia kwa nini imani hiyo ni ngumu kung'oa. Tofauti za rangi, dini au elimu mtu anaweza kujitahidi kuzivuka kwa akili, lakini chuki inayokaa mwilini haisikii hoja.

Kwa mwandishi hii ni silaha ya pande mbili. Mhusika wako anapomnusa mwenzake wa tabaka jingine, kabila jingine au kazi nyingine na kukunja uso, anayefichuliwa ni yeye. Tumia hilo kwa makusudi. Mpe bosi pua inayomsikia dereva wake kila siku na isiyosikia sigara zake mwenyewe. Lakini msimulizi asiye na jina, yule anayejifanya haegemei upande, akisema kwamba maskini fulani "walinuka", basi anayehukumu ni wewe, na msomaji atakuona. Nikikuta hilo kwenye mswada huwa naandika pembeni: "Nani kasema?"

Kuna matumizi ya ngazi ya juu zaidi, ambapo harufu ndiyo tukio lenyewe. Fyodor Dostoevsky, katika riwaya yake ya mwisho iliyotoka kati ya 1879 na 1880, ana mzee mtawa aliyeheshimiwa kama mtakatifu. Anakufa, na watu wanajaa wakitarajia muujiza, wengi wao wakiamini kwamba mwili wa mtakatifu hauozi. Mwili unaanza kunuka, tena mapema. Hapo mahasidi wanafurahi, waumini wanayumba, na kijana aliyempenda mzee huyo kuliko wote anatikisika imani. Hakuna aliyefanya kosa lolote. Kemia tu imefanya kazi yake, na kwa sababu kila mtu mle ndani alikuwa ameshaipa harufu hiyo maana kabla haijatoka, jumuiya nzima inapasuka. Hapa ndipo pa kujifunza: maana iwepo ndani ya watu kwanza, kisha harufu ije kuigusa.

Ukiandika hadithi ya zamani, kumbuka kwamba maana hizo hubadilika na nyakati. Hadi karne ya 19 wengi Ulaya, madaktari wakiwemo, waliamini kwamba magonjwa husababishwa na hewa chafu, kwa hiyo uvundo haukuwa kero tu, ulikuwa ndio ugonjwa wenyewe. Kiangazi cha mwaka 1858 mto Thames wa London, uliokuwa unapokea maji taka ya jiji, ulinuka kwa joto kiasi kwamba mapazia ya jengo la Bunge yalilowekwa kwenye kemikali ya chokaa na klorini ili kuikata harufu, na wabunge wakapitisha haraka sheria ya kujenga mfumo mpya wa majitaka. Mhusika wa wakati ule akisikia uvundo hasemi "kunanuka". Anaogopa kufa.

Harufu isiyokuwepo

Sehemu hii waandishi huisahau, na ina utajiri mwingi. Mwaka 2020 watu wengi duniani waligundua kwa ugonjwa wa UVIKO-19 jinsi ilivyo kuamka na kukuta chakula hakina ladha na mpenzi hana harufu. Mhusika aliyepoteza uwezo wa kunusa anapoteza pia ulinzi: hajui kama maziwa yamechacha, kama kuna kinachoungua, kama yeye mwenyewe ananuka. Umri nao hupunguza uwezo huo taratibu, mara nyingi mwenyewe bila kujua. Bibi anayejipulizia marashi kila wiki zaidi ya wiki iliyopita, na wajukuu wanaofungua madirisha bila kusema kitu: huo ni ukurasa mzima wa upendo na aibu, na hakuna aliyetaja uzee.

Kuna pia vitu hatari visivyonuka. Kaboni monoksidi haina harufu, inaua watu usingizini. Gesi asilia nayo kwa asili haina harufu tunayoijua. Ule mnuko wa mayai viza umetiwa kwa makusudi. Tarehe 18 Machi 1937 gesi iliyovuja ililipua shule huko New London, Texas, watu karibu 300 wakafa, wengi wao watoto, na baada ya hapo jimbo hilo likatunga sheria ya kutaka gesi itiwe harufu ya onyo. Nikifikiria hilo naona mafunzo ya uandishi: kuna harufu iliyoamuliwa na watu kwamba imaanishe hatari, na tangu hapo inamaanisha. Wewe pia unaweza kufanya hivyo ndani ya hadithi yako. Nitafika hapo.

Kwa wanaoandika hadithi za upelelezi, tahadhari moja: sianidi inasifika kwa harufu ya lozi chungu, lakini si kila mtu anaweza kuinusa, na tofauti hiyo ni ya kimaumbile. Mpelelezi wako asiinuse kirahisi kwa sababu tu umesoma kwamba inanuka. Afadhali msaidizi wake ainuse, yeye asiinuse, na wabishane.

Kuipa harufu maana, kisha kuibadilisha

Harufu ya kawaida inageuka ishara kwa kurudiwa, na kwa kugeuka inaporudiwa. Mara tatu zinatosha kwa hadithi fupi. Tuseme umechagua kiberiti kilichozimwa, ule moshi mkali wa mara moja. Mara ya kwanza ipitishe bila uzito: umeme umekatika, baba anawasha mshumaa, watoto wanacheka gizani. Msomaji asijue kwamba umempa kitu. Mara ya pili iweke mahali penye mgongano: baba anasema ameacha kuvuta, na moshi wa kiberiti uko kwenye korido. Mara ya tatu, binti, sasa mtu mzima, amekaa kwenye gari na mwanamume anayempenda, mwanamume anawasha kiberiti, na binti anashuka. Usituambie kwa nini. Ukituambia, mara mbili za kwanza umezipoteza bure.

Kosa la kawaida hapa ni kuchagua harufu ambayo tayari ina maana kubwa mno. Damu, maiti, uvumba, waridi. Hizo zinakuja na mizigo yao na hazikupi nafasi. Chagua kitu kisicho na heshima: raba ya kufutia, pasi ya moto juu ya kitambaa chenye unyevu, betri iliyovuja, ndani ya kofia ya pikipiki ya mtu mwingine. Kitu ambacho msomaji hajawahi kuhuzunikia hadi utakapomfundisha.

Zipo pia harufu mbili zinazogongana, na hizi hutengeneza hali haraka kuliko maelezo. Maua na dawa ya kuua wadudu. Poda ya mtoto na pombe. Ukiziweka kwenye sentensi moja bila kueleza, msomaji anaanza kuuliza maswali. Mbili, si tatu.

Wakati wa kusahihisha

Ukimaliza rasimu, tafuta neno "harufu" kila lilipo. Usilifute kila mahali, ila likamate na ulihoji. Likiwa na "nzuri", "mbaya", "kali" au "ya ajabu" baada yake, weka chanzo: harufu ya nini? Tuna majina machache ya harufu zenyewe, kama shombo na uvundo. Kwa kawaida harufu hutajwa kwa kitu inakotoka, na kadiri kitu hicho kinavyokuwa mahususi ndivyo pua ya msomaji inavyoamka. "Harufu ya karatasi" haiamshi kitu. "Harufu ya daftari jipya lililofunguliwa katikati" inaamsha.

Likifuatwa na nomino isiyoshikika, yaani harufu ya kifo, ya hofu, ya usaliti, ya ushindi, kata. Ukibaki na pengo, uliza hofu hiyo inanuka nini hasa katika chumba hicho: jasho lililokauka na kulowa tena? Mkojo? Mshumaa uliozimwa haraka? Andika hicho.

Angalia pia ilipo. Harufu nyingi hukaa kwenye sentensi ya kwanza ya tukio, mhusika anapofungua mlango, halafu hazirudi tena. Jaribu kuihamishia katikati ya mazungumzo, mahali mtu anapotaka kujibu na anashindwa. Pale harufu inakata maneno, na ukimya unapata sababu.

Zoezi ninalowapa waandishi ninaofanya nao kazi ni hili. Toka nje ya nyumba yako, kaa nje angalau nusu saa, kisha rudi na usimame mlangoni. Una sekunde chache kabla pua haijazoea. Andika vyanzo, si sifa: gunia, viatu, nywele zilizochomwa na pasi, mbwa. Ukishaandika, chagua kimoja na umpe mtu anayeingia humo kwa mara ya kwanza akiwa na sababu ya kuogopa. Kisha umpe yuleyule mtu anayeingia kwa mara ya mwisho. Andika aya mbili, bila kutumia neno harufu, na bila kutaja woga wala huzuni.

Aya hizo mpe mtu asome, usimweleze chochote, kisha muulize swali moja: huyu mtu anataka nini? Akikujibu "kuna kitu kinanuka humu", rudi mezani. Akikujibu "anataka kuondoka lakini anamsubiri mtu", endelea na ukurasa unaofuata.